Koti Lisilo na Bitana

Kwa Mama Pindo, siku huanza kwa mlio wa cherehani. Akishafagia uwanja na kunywa chai, hukaa kibarazani, hutia uzi kwenye sindano bila miwani, kisha huanza kukanyaga pedeli. Jina la Mama Pindo alipewa na watu kwa sababu ya jicho lake. Ukipita mbele yake, hatazami uso wako kwanza. Anatazama pindo la sketi yako, au la suruali yako. Likiwa limeshonwa ovyo, anakuita.

"Njoo hapa! Nani amekuharibia nguo namna hii?"

Halafu anakurekebishia palepale, ukiwa umesimama, huku anakusimanga. Unaondoka umesimangwa, lakini umependeza.

Mumewe anaitwa Dereva. Hata mkewe humwita hivyo. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye maneno machache. Tangu ujana wake aliendesha magari ya watu: ya ofisi, ya matajiri, ya wagonjwa. Aliyatunza vizuri kama yake. Jioni alikabidhi ufunguo, akarudi nyumbani kwa miguu. Kwa muda mrefu mume na mke walikuwa na ndoto moja tu, kwamba siku moja Dereva awe na gari lake mwenyewe.

Siku hiyo ikafika. Gari jipya liliingia uwanjani taratibu. Rangi yake ilikuwa bluu iliyokolea sana, karibu na nyeusi. Lilikuwa zuri la kukufanya usahau ulikokuwa unakwenda. Ukilikaribia, ulijiona mzima kwenye mlango wake, kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

Aliyelipenda zaidi ya wote, ukiwaacha wenyewe, alikuwa jirani yao, mpaka rangi wa magari. Watu walimwita Fundi Kioo. Yeye husema gari lililopakwa rangi vizuri ni kioo, na kama hujioni, fundi wake amekuibia. Fundi Kioo hana unyenyekevu hata chembe. Hujisifu asubuhi, mchana na jioni. Shida ni kwamba anayojisifia ni ya kweli. Kila alipokwenda kazini alisimama kando ya gari lile, akachana masharubu yake mbele ya mlango, akaenda zake akiwa ameridhika.

Mama Pindo alitaka kumpa mumewe zawadi inayofaa gari kama lile. Akaamua kulishonea koti, yaani kifuniko cha kulikinga na jua na vumbi. Alichukua tepu yake ya shingoni, akalipima gari kama anavyompima bwana harusi. Alipima kifua, mgongo na kiuno.

"Lina kiuno kipana," alisema.

"Na bado halijazaa," Dereva alijibu, na wote wawili wakacheka.

Alichagua turubai zito, lile la kufunikia mizigo kwenye malori. Kila mshono aliupitisha mara mbili. Chini, pembeni, akapiga vifungo vya chuma vya kubana, ili upepo usilipeperushe koti lake. Siku alipolimaliza, majirani walikuja kulitazama. Walizunguka, wakashika, wakasifu. Dereva mwenyewe alilizunguka mara mbili.

"Asante, mke wangu," alisema. "Sijawahi kuona koti kama hili."

Tangu siku hiyo, Dereva alirudi kila jioni kutoka kwenye vibarua vyake, na gari limejaa vumbi la barabarani. Alilivisha koti, akabana vifungo. Asubuhi alilivua. Mama Pindo naye hakukaa bure. Alichukua mabaki ya kitambaa cha jinzi kwenye kapu lake, akafuta vumbi kwa nguvu, kavu kavu, mpaka mkono ukauma. Hakuna gari lililopendwa kama lile mtaani.

Wakati huo Fundi Kioo alikuwa amesafiri kwenda mji mwingine kupaka rangi mabasi. Aliporudi, nyumba ya Dereva ilikuwa na habari njema. Ukumbi mmoja wa harusi ulikuwa unatafuta gari la kubeba maharusi. Msimamizi wa ukumbi, mama mmoja asiyecheka ovyo, alikuwa amemwambia Dereva: "Nitakuja kwako Jumamosi kuliona gari kwenye jua. Maharusi hupigwa picha kando yake. Likiwa limefifia, tusipotezeane muda." Kama angekubali, Dereva angekuwa na kazi ya uhakika, ndani ya gari lake mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi aliyoiota maisha yake yote.

Asubuhi moja kabla ya Jumamosi hiyo, Dereva alikuwa amekwenda sokoni kwa miguu. Koti lilikuwa limevuliwa, limekunjwa kibarazani. Fundi Kioo alikuja, akatoa kitana, akainama mbele ya mlango wa gari kama kawaida yake. Akanyanyuka. Akainama tena.

"Jamani! Masharubu yangu yako wapi?"

"Yako usoni kwako," Mama Pindo alimjibu akicheka.

"Usoni yapo. Kwenye mlango hayapo! Naona ukungu mtupu. Shemeji, mmelifanya nini gari hili?"

Mama Pindo aliacha cherehani, akaja. Jua lilikuwa linapiga ubavuni mwa gari. Kwa mara ya kwanza alilitazama kama mgeni anavyolitazama. Rangi ilikuwa imejaa mikwaruzo myembamba isiyohesabika, imesokotana kama utando wa buibui. Kumbe ilikuwa ikiongezeka kidogo kidogo kila siku, mbele ya macho yake, naye amezoea.

"Ni ile sponji ya Dereva ya kuoshea gari!" alisema kwa hasira. "Nitamwonyesha leo!"

"Ngoja, shemeji. Usimhukumu mtu ambaye hayupo." Fundi Kioo alichuchumaa. Sasa hakuwa anatania. "Kuna mikwaruzo ya kufuta vumbi bila maji, hii ya milangoni. Nani anafuta?"

"Mimi," alisema Mama Pindo, sauti imeshuka. "Kwa jinzi."

"Haya. Lakini kuna mingine mibaya zaidi. Tazama ilipojazana. Ukingo wa paa. Pembe za boneti. Mgongoni mwa vioo vya pembeni. Kitu gani kinagusa hapo kila siku?"

Mama Pindo aligusa ukingo wa paa kwa kidole.

"Na huku chini, ona vidoa hivi. Rangi imegongwa gongwa. Vimejipanga mstari mmoja."

Mama Pindo alivitazama vile vidoa. Nafasi kati ya kidoa na kidoa aliijua vizuri. Aliipima yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo nafasi aliyoiweka kati ya kifungo na kifungo.

Fundi Kioo alikwenda kibarazani, akalifunua koti, akaligeuza ndani nje. Akapitisha kiganja chake, akakionyesha. Kilikuwa kimejaa vumbi.

"Shemeji, koti hili bitana yake iko wapi?"

Swali lile lilimchoma Mama Pindo. Yeye, ambaye hajawahi kumpa mteja koti bila bitana, bila kile kitambaa laini cha ndani! Alijaribu kujitetea.

"Bitana ni ya watu. Inazuia kitambaa kigumu kisiwashe ngozi. Gari lina ngozi?"

"Linayo! Tena nyembamba kuliko yako." Fundi Kioo aligonga mlango kwa kidole, polepole. "Hapa ndani kuna bati. Juu ya bati kuna rangi ya kwanza, ya kushikilia. Ni kama kile kitambaa unachokificha ndani ya kola ili isimame. Juu yake ndipo inakaa hii bluu. Na juu ya bluu kuna vanishi. Haina rangi, inapitisha macho. Hiyo ndiyo ngozi ya gari. Mng'aro wote unakaa pale. Na ni nyembamba kuliko karatasi."

"Na vumbi ndilo limeichubua?"

"Vumbi ni mchanga uliosagika. Gari linarudi nalo jioni, mnalifunika juu yake. Upepo unatikisa turubai, turubai linasukuma mchanga, mchanga unasugua ngozi. Kadiri koti linavyokuwa zito, ndivyo linavyosugua zaidi. Shemeji, umelivika gari msasa. Msasa ulioshonwa vizuri sana, lakini msasa."

Mama Pindo alikaa kwenye ngazi ya kibaraza. Alitamani ardhi ipasuke imfiche. Zawadi yake, mshono mara mbili, sifa zote zile, ndizo zilizokuwa zikilila gari la mumewe.

"Nitamwambia nini Dereva?" aliuliza.

Fundi Kioo alikuna kichwa. "Shemeji, Dereva ameshika usukani maisha yake yote. Hivi kweli unadhani hajaona?"

Jioni, Dereva aliporudi, alilikuta koti kwenye sakafu ya kibaraza, ndani nje. Mkewe alikuwa amekaa kando yake.

"Ulijua?" Mama Pindo aliuliza.

Dereva alilitazama koti. Angeweza kujitia hamnazo, lakini hakufanya hivyo.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo mwanzo. Niliona ukingo wa paa umefifia."

"Na ukaendelea kulivisha kila jioni!"

"Ulikuwa unasimama mlangoni unatazama," alisema Dereva. "Unatabasamu. Ningeanzaje kukuambia?"

Mama Pindo hakujua acheke au alie. Alimpenda mtu huyu, na saa ile ile alitaka kumtwanga kwa rula ya mbao.

"Kwa hiyo ulikuwa tayari kuikosa kazi ya ukumbi, ili mimi nisinune?"

"Nilitumaini yule mama hataona."

"Ataona! Yule akitazama chungu anaona kilichomo ndani!" Akaligonga koti kwa kiganja. "Sikiliza, Dereva. Mimi ni fundi. Mteja akiniambia nimekosea, naumia siku moja, halafu narekebisha. Mteja asiyesema ndiye anayeniaibisha. Anatembea mjini amevaa kosa langu, na mimi nabaki hapa navimba kichwa. Wewe ndiye mteja wangu wa kwanza. Usinifanyie hivyo tena."

"Nimekosa," alisema Dereva.

Usiku ule gari lililala bila koti. Mama Pindo alimpakulia mumewe chakula, kingi kuliko kawaida, na Dereva akaelewa kwamba amesamehewa.

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijapanda, Fundi Kioo alikuja na mashine yake ya kusugulia, chupa zake na maneno yake mengi.

"Leo mtajifunza kuosha," alisema. "Mnadhani mnajua, lakini hamjui."

Mama Pindo alikuwa amekwisha kuandaa ndoo na sabuni ya unga ya kufulia. Fundi Kioo alishika kifua.

"Weka chini hiyo sabuni! Hiyo ni ya kutoa madoa kwenye mashuka. Inaondoa hata nta inayoikinga rangi. Tumia sabuni ya kuoshea magari, na kidogo tu. Na ndoo moja haitoshi. Lete nyingine, ya maji matupu."

"Ya nini?"

"Ya kusuuzia kitambaa. Ukikichovya kitambaa chenye mchanga kwenye ndoo ya sabuni, unaurudisha mchanga huo huo kwenye gari. Kisuuze kwanza kwenye maji matupu, ndipo ukirudishe kwenye sabuni."

Dereva alishika mpira wa maji. Fundi Kioo alimwambia alimwagie gari maji mengi kwanza, kuanzia paani kushuka chini, bila mtu kuligusa.

"Acha maji yabebe mchanga. Mkono unakuja baadaye."

Walipofika kwenye kuosha, walitumia kitambaa laini chenye manyoya mafupi. Waliosha paa, kisha vioo, kisha milango. Chini kabisa, kwenye uchafu mwingi, waliosha mwisho. Mama Pindo alikuwa anakwenda vizuri, mpaka kitambaa kikamponyoka, kikaanguka. Alikiokota haraka, akataka kuendelea.

"Simama!" Fundi Kioo alipiga kelele mpaka jirani wa pili akachungulia. "Kikigusa ardhi, kimekwisha kazi. Chukua kingine."

"Unapiga kelele kama nimeangusha mtoto."

"Mtoto angeinuka mwenyewe!"

Kwenye boneti kulikuwa na kinyesi cha ndege kilichokauka. Dereva alinyoosha ukucha kukibandua, na Fundi Kioo akamdaka mkono. Alilowesha kitambaa, akakilaza juu ya doa, akakiacha. Baada ya muda uchafu ulilainika, ukatoka wenyewe bila kukwaruzwa.

"Kinyesi cha ndege kinaunguza rangi, hasa juani," alieleza. "Utomvu wa miti nao ni hivyo hivyo. Ukikiona, usisubiri siku ya kuosha. Kilainishe, kiondoe."

Wakalikausha gari kwa taulo safi, ili matone yasikauke na kuacha madoa. Yote hayo waliyafanya kivulini, kwa sababu juani sabuni hukauka kabla ya kusuuzwa.

Ndipo Fundi Kioo akapitisha ukucha wake taratibu juu ya mikwaruzo.

"Ukucha hauzami," alisema. "Vanishi imechubuka juu juu tu. Bluu haijaguswa. Mna bahati. Nitapiga polishi, nitapunguza vanishi kidogo sana mpaka mikwaruzo iishe. Lakini sikilizeni vizuri. Kila ninapopiga polishi, ngozi inapungua. Sio kazi ya kila mwezi. Mkilirudisha kwenye msasa, siku moja nitakuta hakuna cha kupunguza."

Akawasha mashine. Na hapo Mama Pindo akaona jambo ambalo hajawahi kuliona. Fundi Kioo alinyamaza. Hakujisifu, hakutania. Aliishika mashine kwa mikono miwili, kwa wepesi, kama yeye mwenyewe anavyopitisha pasi juu ya hariri. Aliipeleka, akairudisha, akafuta, akainama kutazama kwa pembeni, akaipeleka tena. Pale alipopita, ukungu uliondoka na bluu ikarudi, nzito na safi. Mama Pindo alisahau cherehani, akasahau na chai. Mtu anayejua kazi yake anapendeza kumtazama, hata akiwa na masharubu ya majivuno.

Vidoa viwili vya vifungo vilikuwa vimezama zaidi. Hivyo alivigusa kwa rangi, kwa ncha ya brashi ndogo. Mwishoni alipaka nta nyembamba juu ya gari zima.

"Haya ndiyo mafuta ya ngozi," alisema, ulimi umerudi. "Maji yatateleza, uchafu hautashika sana. Muipake tena kila baada ya miezi michache. Na sasa semeni ukweli, mmewahi kuona mikono kama hii?"

"Hatujaona," alisema Mama Pindo, na alisema kwa moyo wake wote.

Kazi iliyobaki ilikuwa yake. Alilifumua koti la zamani, mshono kwa mshono. Iliuma, maana ilikuwa mishono mizuri. Turubai alilikunja, likabaki la kufunikia kuni. Kisha akaanza upya. Nje aliweka kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, ili unyevu usifungiwe ndani. Ndani aliweka bitana ya pamba laini, ile anayoitumia kushonea nguo za watoto wachanga. Chini hakuweka chuma chochote. Alitia lastiki, ili koti libane vizuri na lisicheze kwenye upepo.

Fundi Kioo aliligeuza, akalipapasa, akaliweka shavuni.

"Hapa umenishinda," alisema, na yeye si mtu wa kusema hivyo. "Lakini hata hili halivaliwi juu ya vumbi. Wala juu ya maji."

"Najua. Humvishi mtoto nguo safi kabla hujamwogesha na kumkausha," alijibu Mama Pindo. "Na siku hatuna nafasi ya kuosha?"

"Siku hiyo msilivishe. Liegesheni kivulini, mbali na miti yenye utomvu na ndege, mliache hivyo hivyo. Vumbi likitulia halidhuru. Linadhuru linaposuguliwa."

Jumamosi msimamizi wa ukumbi alikuja. Alilizunguka gari polepole, jua likiwa kali. Dereva alisimama kando, mikono nyuma, jasho linamtiririka mgongoni. Mama Pindo aliuma uzi ambao haukuhitaji kukatwa. Yule mama alisimama mbele ya mlango, akanyoosha mkono wake bila kugusa rangi, akavitazama vidole vyake ndani ya bluu, kimoja kimoja.

"Viko vyote," alisema. "Nina maharusi wiki ijayo. Usichelewe."

Alipoondoka, Dereva alikaa ndani ya gari lake, milango imefungwa, akalia kidogo. Mama Pindo alimwona kupitia kioo, akamwacha alie.

Siku ya harusi ya kwanza, gari lilikuwa limeoshwa, limekaushwa, linameremeta uwanjani. Dereva alitoka ndani amevaa suruali nyeusi na shati jeupe aliloshonewa na mkewe. Mama Pindo alimtazama akajaa fahari. Dereva alishika mlango wa gari, akasita. Akakohoa.

"Mke wangu."

"Nini?"

"Hili shati."

"Lina nini hilo shati?"

Dereva aliinua mkono. "Linanibana kwapani."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyolishona."

Mama Pindo alilitazama kwapa lile. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Dereva naye akacheka, amesimama na mikono imemtanuka kwa kubanwa.

"Vua," alisema Mama Pindo.

Dereva akavua. Alisimama kifua wazi kando ya gari linalong'aa, na mkewe akafumua kwapa la kulia, kisha la kushoto, akatia kipande cha kitambaa, akashona upya. Alipomaliza, alimrudishia.

"Na suruali?" aliuliza.

Dereva alifikiri. Akachuchumaa, akainuka.

"Suruali iko sawa," alisema.

Na Mama Pindo akamwamini.